Wifi Yangu wa Mashariki

Ukitaka kumtofautisha mwenyeji wa kisiwa chetu cha Læsø na mtu wa kuja, usihangaike na lafudhi. Mwambie tu ana makombo ya keki shavuni. Mtu wa kuja atauliza, "Kulia au kushoto?" Mwenyeji atauliza, "Mashariki au magharibi?" Sisi hapa kulia na kushoto hatuna habari navyo. Ukigeuka, mkono wako wa kulia nao unageuka, sasa hicho ni kitu cha kutegemea kweli? Kaskazini iko pale pale, hata uzunguke kama pia.

Na kisiwa kizima hakikuwa na mtu aliyelishikilia jambo hilo kama Dagny, mke wa kaka yangu Egon. Umfunge macho, umzungushe mpaka apate kizunguzungu, bado angekuambia kwamba umesimama kusini-mashariki kwake na kwamba unanuka kitunguu. Nyumbani kwake meza ilikuwa na kichwa cha kaskazini na kichwa cha kusini, jiko lilikuwa na kabati la mashariki, na Egon mwenyewe, akikaa mezani, alikuwa na sikio la magharibi, lile lisilosikia vizuri.

Leo nikisema "wifi yangu" nasema kwa mapenzi. Zamani neno hilo lilinitoka kama mbegu ya ndimu. Mimi ni mtu wa Vesterø, yeye mtu wa Østerby, na mtu aliyezaliwa hapa nikishamwambia hivyo hahitaji maelezo zaidi. Sisi tuko ncha ya magharibi ya kisiwa, wao ncha ya mashariki. Katikati iko Byrum, yenye kanisa na ofisi na duka kubwa, na watu wa Byrum hawana upande, wao huwauzia wote. Kutoka kwetu mpaka kwao kwa gari ni muda wa kunywa kikombe cha kahawa na kusengenya mtu mmoja. Lakini mama yangu, Mungu amrehemu, alivuka kwenda bara mara nyingi kuliko alivyokwenda Østerby.

"Kwani nimesahau nini huko?" alikuwa akisema.

Kwetu Vesterø ndiko meli inakotia nanga. Kila godoro, kila gazeti, kila mgeni na sanduku lake hupita mbele ya madirisha yetu kwanza. Østerby wana mashua za kuvulia kamba, wale kamba wembamba wenye makucha marefu, na wana kiburi. Egon alipoleta habari kwamba amepata mchumba, na mchumba ni wa Østerby, baba aliweka uma chini akamwuliza kama wasichana wa huku wameisha.

"Nyinyi ni wapokea mizigo tu," Dagny aliniambia siku ya kwanza tuliyokaa pamoja, tena mbele ya watu. "Sisi ndio tunaovua."

"Mnavua, halafu mnakuja kwetu kupiga magoti mpate meli," nikamjibu. "Bila Vesterø mngewala hao kamba mpaka mwote makucha."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu ataniudhi maisha yangu yote, na kweli aliniudhi, kwa zaidi ya miaka arobaini, kila Jumapili.

Kazi yake ilikuwa bandarini kwao, katika banda la kuchambua kamba. Wanawake walisimama kwenye meza ndefu, wamevaa buti na aproni za mpira, mikono ndani ya barafu, wakitenga wakubwa na wadogo kabla kamba hawajafa wakapoteza bei. Dagny ndiye aliyekuwa sauti ya meza. "Sukuma beseni kaskazini! We Inger, sogea mashariki, unanikanyaga!" Akija msichana mgeni kufanya kazi ya kiangazi akauliza kaskazini ni wapi, Dagny alimjibu, "Upande unaokupiga baridi." Msichana akisema pande zote zinampiga baridi, aliambiwa basi avae fulana ya pili aache maswali.

Kuna kisa cha jino lake ambacho hata leo kinasimuliwa kwenye mazishi. Alivuka kwenda Frederikshavn, bara, kwa daktari wa meno, kijana aliyetoka Copenhagen, mpole kabisa. Daktari akamwuliza ni jino gani.

"La juu, la mashariki."

Kijana akafikiri ni mgonjwa anayetania. Akazungusha kiti apate mwanga wa dirisha, akauliza tena taratibu, kama anayezungumza na mtoto. "Mama, nionyeshe vizuri. Ni lipi?"

"La juu," Dagny akasema, "la magharibi."

Basi kijana akafungua mdomo wa wifi yangu, akaangalia pande zote mbili, akaona la upande mmoja lina doa kidogo, akalitoboa hilo. Dagny alirudi na meli ya jioni, shavu limevimba, jino bovu likiwa halijaguswa na jino zima likiwa na tundu. Nilimpokea gatini. Nilicheka mpaka nikaketi juu ya kamba za meli.

"Unacheka nini?" akasema kwa nusu mdomo. "Mimi nilimwambia sawasawa. Yeye ndiye aliyenigeuza!"

Nimesimulia hayo ili ujue Dagny alikuwa nani, maana yaliyofuata hayaeleweki vinginevyo.

Ilikuwa Jumapili ya Septemba, watalii wameshaondoka na maboya yao ya plastiki ya kuchezea baharini. Tulikuwa mezani kwake Østerby, sisi watatu tu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na mtoto wao pekee, Dorte, anaishi Aalborg, kule bara. Dagny alikuwa amemimina kahawa. Akaninyooshea mkono.

"Wifi, nipe hiyo sukari hapo magharibi yako."

Sukari ilikuwa mashariki yangu.

Nikajua ananichokoza. "Lo!" nikasema. "Leo jua limechomoza kwetu Vesterø? Hatimaye Mungu ametukumbuka!"

Hakucheka. Aliendelea kunyoosha mkono, akinitazama kama mtu anayengoja kueleweshwa utani. Na Egon akainuka. Akachukua bakuli la sukari lililokuwa mashariki yangu, akapita nyuma ya kiti changu, akaliweka magharibi, kisha akalitoa hapo akampa mkewe. Alifanya hivyo bila neno, upesi, kama kazi anayoifanya kila siku.

Nilikunywa kahawa ile lakini sikuonja kitu. Baadaye nikamfuata kaka yangu nje, kwenye kuni.

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya kuchipua," akasema. "Akisema kitu kiko mashariki, mimi nakihamishia mashariki. Kazi yenyewe si kubwa, Jytte."

"Na siku akisema nyumba iko mashariki na haiko huko?"

Egon alipanga kuni. Kisha akasema, "Usimwambie Dorte."

"Mimi? Mimi kaburi."

"Wewe kaburi? Wewe redio."

Lakini nilinyamaza, wallahi nilinyamaza, kwa sababu nilijua Dorte akisikia atawachukua. Alishasema tangu zamani kwamba wazee wake wakianza kuchoka atawahamishia Aalborg, karibu naye. Na mimi nilikuwa sitaki. Nasema wazi. Sikutaka kwa ajili ya Dagny, aliyekuwa hajawahi kukaa bara akafurahi hata alasiri moja, na sikutaka kwa ajili yangu. Mtu uliyegombana naye kila Jumapili kwa umri wako wote si mtu wa kuachia hivi hivi. Utagombana na nani? Paka?

Basi tukawa wawili wa kumficha. Nilianza kwenda Østerby hata siku za kazi. Dagny akisema "lete kisu cha kaskazini," mimi na Egon tulitazamana kwanza tukajua leo kaskazini yake iko wapi. Siku nyingine ilikuwa mahali pake, naye alikuwa Dagny yule yule, ananiambia keki yangu ni ngumu, ingefaa kuwa nanga ya mashua. Siku nyingine alisimama katikati ya jiko lake, akigeuza kichwa polepole, na sikuweza kumtazama. Nilijifanya natafuta sufuria.

La kuvunda halina ubani. Mwezi wa Novemba alitoka nyumbani Egon akiwa bafuni. Alitaka kwenda pwani ya kaskazini, iliyo karibu na kwao, ambako toka utotoni alikuwa akienda kutazama kama mashua zinarudi. Akashika njia ya kusini. Akatembea mpaka Rønnerne, kule kwenye tambarare za chumvi ambako nchi na bahari havijaamua bado nani ni nani, na maji yakipanda hayapigi hodi. Kresten, anayelisha kondoo huko, alimkuta amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mikono kiunoni, amekasirika.

"Mama Dagny, umepotea?" Kresten akamwuliza.

"Sikupotea mimi," akasema. "Kisiwa ndicho kimegeuka."

Hayo Kresten aliyasimulia Byrum dukani, si kwa ubaya, aliyasimulia huku akifuta macho. Jioni hiyo Vesterø walikuwa wanayajua, na kesho yake Aalborg.

Dorte akaja na meli ya asubuhi. Sitamsingizia, ni mtoto mwema. Alimkumbatia mama yake mlangoni muda mrefu, na Dagny akamwambia amekonda, huko kwenu hawapiki? Tukala viazi na samaki, tukanywa kahawa, kisha Dorte akasafisha koo.

"Kuna nyumba Aalborg," akasema. "Nimekwenda kuiona. Wanapokea mtu na mwenzake. Chumba kimoja, kitanda chao wenyewe wanaweza kuja nacho."

"Na Byrum je?" nikasema. "Byrum hakuna nyumba ya wazee? Watu wanaomjua, wanaozungumza kama yeye?"

"Shangazi, nimewapigia. Wana nafasi ya mtu mmoja tu. Baba atalala wapi?"

"Atalala hapa hapa kwake, na asubuhi anapanda gari anakwenda kukaa naye. Ni pua na mdomo! Mama yako ni mti wa hapa, mwanangu. Ukimng'oa utapanda nini huko kwenye lami? Akitoka nje Aalborg ataona nini? Ukuta na taa za barabarani!"

"Na akitoka nje hapa anaingia baharini!" Dorte akasema, sauti ikamkatika. Akaanza kulia, naye akakasirika kwa kulia.

Egon alikuwa akimenya tufaha, ganda refu likining'inia. Nilimjua kaka yangu. Hakuwahi kulala nje ya kisiwa isipokuwa jeshini, na alichukia kila usiku wake. Alikuwa upande wangu. Alihitaji tu kusukumwa kidogo, na mimi, mwenye mdomo wangu huu, nikaona nimsukume.

"Hebu tumwulize mwenyewe," nikasema. "Mnamzungumzia kama kabati. Wifi! Mwonyeshe mwanao kwamba bado uko nyumbani. Mwambie, kaskazini ni wapi?"

Nilikuwa na hakika. Ilikuwa siku yake nzuri, tangu asubuhi alikuwa hajakosea. Jua lilikuwa limejaa dirisha la kusini, nyuma ya mgongo wa Egon. Upepo ulikuwa unagonga dirisha la pili, la kaskazini, mpaka vioo vinalia. Ndama angejibu.

Dagny aliweka kikombe. Akatazama dirisha la kwanza. Akatazama la pili. Akarudi la kwanza. Niliona midomo yake ikitikisika kama mtu anayehesabu mishono ya sweta akapotelewa. Mkono wake uliinuka kidogo juu ya meza, ukashuka. Dorte aliacha kulia. Ningeweza kulimeza swali langu ningelimeza na kikombe chake. Nikafungua mdomo niseme acha wifi, ni upuuzi tu, nakutania.

Kisha akageuka, uso ukamtulia, akanyoosha kidole moja kwa moja kusini, kwenye jua, kwenye kifua cha kaka yangu.

"Pale," akasema.

"Pale wapi, mama?" Dorte akauliza taratibu.

"Pale alipo Egon. Si ndiye anayelala kaskazini ya kitanda? Ukutani. Ananikingia upepo." Akanigeukia mimi. "Wifi nawe! Swali gani hilo la kitoto?"

Ganda la tufaha lilikuwa limekatika likaanguka sakafuni, na Egon hakuinama kuliokota. Alimtazama mkewe, na masikio yake yakawa mekundu kama ya kijana aliyefumaniwa. Halafu akaweka kisu mezani.

"Basi," akasema. "Tutakwenda Aalborg."

"Kaka!" nikasema. "Wewe Aalborg utafanya nini?"

"Nitalala ukutani."

Nilitaka kubisha. Lakini nilikuwa nimeuliza swali mwenyewe, na jibu nimelipata mbele ya mashahidi. Kisiwa kilikuwa kimemgeukia Dagny, kweli, ila alikuwa amebakiwa na kitu kimoja ambacho hakigeuki, na mimi nilikuwa nimetaka kukiacha Østerby kimelala peke yake. Nilikwenda jikoni kwake nikaosha vyombo safi.

Walihama kabla ya Krismasi. Kitanda kilitangulia na gari la mizigo. Siku yenyewe walifika kwetu Vesterø mapema mno, kama kawaida ya Egon, anayeamini kwamba meli ina kisasi naye binafsi. Nikawapikia kahawa, Dagny akasema ni nyepesi, nikamwambia akanywe ya bara aone. Kisha tukatembea mpaka gatini polepole, Dorte nyuma na mabegi.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kavu, isiyo na upepo, zile tunazopata mbili tatu kila mwaka. Jua lilikuwa chini, limelala juu ya mapaa ya nyumba zetu, na maji ya bandari yalikuwa yametulia mpaka mashua zimejiona ndani yake. Dagny akasimama. Akageuza kichwa huku na huku, na nikaona ule woga unamwingia tena usoni.

"Hapa ni wapi?" akaniuliza. Aliniuliza mimi, si Egon wala mwanawe.

Dorte akavuta pumzi amwambie. Alikuwa amefundishwa na wataalamu kwamba mgonjwa aelezwe ukweli kwa upole. Nikamwahi. Mama yangu lazima aligeuka kaburini, na baba naye, na ukoo mzima wa Vesterø mpaka wale waliozama na meli zao.

"Østerby, wifi," nikasema. "Ni hapa kwenu."

Akatazama tena. Akatazama nyumba za manjano, na mashua, na moshi wa kuni uliokuwa ukipanda umenyooka, na bahari nyuma yake yote. Mabega yakashuka. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu vile vile, mkono wa barafu na makucha ya kamba.

"Nilijua tu," akasema. "Vesterø haiwezi kuwa pazuri namna hii."